Safari ya Kuku Mzima

Sisi tuliokulia Mbinga enzi zile, umbali hatukuupima kwa kilomita. Tuliupima kwa chakula cha njiani. Kushuka Mbamba Bay kwa mjomba ilikuwa safari ya viazi vitamu vya kuchemsha. Songea ilikuwa bakuli la kande. Lakini Dar es Salaam! Ukimwona mama anachinja kuku na kumkaanga mpaka anakauka, ujue kuna mtu anapanda basi, na atalala njiani, Mungu akipenda na tope likiruhusu. Sisi watoto tuligombea kulamba sufuria.

Siku moja mwalimu wa jiografia alitupa rula, tukapima kwenye ramani kutoka Songea hadi Dar. Sentimita chache tu! "Kwa ndege mngefika leo leo," akasema. Tulicheka. Ndege tulizozijua zilipita juu ya mibuni, nasi tukizikimbilia tukizipigia kelele zitudondoshee pipi.

Kisha bibi akafariki. Mama Mkubwa, dada yake mama aliyeolewa Dar, alipata telegramu akapanda basi siku ile ile. Wazee walimsubiri siku mbili, ya tatu wakazika. Alishuka kwenye basi khanga imejaa vumbi, akakuta udongo mbichi. Mama alikuwa akisema, "Dada alichelewa kwa barabara, si kwa moyo." Lakini kilio chake cha siku ile sijakisahau.

Mwaka huu simu ikaja: Mama Mkubwa atafanyiwa upasuaji mkubwa keshokutwa. Magoti ya mama hayawezi tena basi la kutwa nzima, na alitaka kumwona dada yake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nikakata tiketi mbili za ndege kutoka Songea. Jioni nikamkuta jikoni, kuku keshachinjwa.

"Mama, ni saa moja na nusu tu angani."

"Kwani rubani hali?"

Uwanjani, kijana mmoja alikuwa akilalamika kwenye simu, maskini, kwamba ndege imechelewa nusu saa. Mama alimhurumia, akampa paja.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa wodini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmeondoka lini?"

"Leo asubuhi."

Mama Mkubwa akanigeukia mimi, kama hakimu anayetafuta shahidi. Nilipotikisa kichwa kukubali, alimshika mama mkono, wakalia, kisha wakacheka, na nesi akatuomba tupunguze sauti. Kesho yake aliingia kupasuliwa akiwa bado anacheka.

Amepona. Krismasi anakuja Mbinga, na ameshaniagiza kiti cha dirishani. Wanangu hawaoni ajabu yoyote; wao wanauliza tu kama ndegeni kuna intaneti. Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai, na kuku wa safari hatakuja kupatikana mwingine kama yule. Lakini zile siku mbili za barabara, hizo sizililii hata kidogo.