Utani Uliotaka Kumfungia Priska Mlango

Priska ni mtoto wa mdogo wangu. Watu wa Majengo wanamjua kama fundi simu, yule dada mwenye kibanda karibu na wauza mtama, na hawakosei. Lakini ana kazi nyingine, na hiyo ndiyo nataka kuieleza, maana wengi wakiona kompyuta yake kuukuu inawaka mchana kutwa wanadhani inapiga muziki.

Ana mtandao wake. Sisemi ana ukurasa kwenye mtandao wa watu. Ana wa kwake, unaitwa Barazani. Mimi nilisoma darasa la saba wakati darasa la saba lilikuwa darasa kweli, kwa hiyo nikamwambia anieleze vizuri, asinifiche.

"Mama mkubwa," akasema, "ile mitandao mikubwa ni nyumba ya kupanga. Mwenyewe yuko mbali, akiamka vibaya anakutoa. Huu wetu ni mtaa. Kila nyumba ina mwenyewe na masharti yake, lakini milango inatazamana. Ukiwa kwangu unasoma ya nyumba ya Mombasa, na wa Mombasa anasoma ya kwako."

Nikaelewa siku hiyo hiyo. Barazani hakuna tangazo la sabuni linalokurukia usoni. Maneno yanakuja kama yalivyofuatana kuandikwa, siyo mwenye kelele kuwekwa mbele. Wauza karanga wa Kongwa walipoonja hilo hawakurudi walikotoka, na wateja wao wengi wako kwenye nyumba kubwa ya Mombasa inayoitwa Paa Moja.

Ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Mtu anatafuta bei ya alizeti, anakutana na kampeni. Malalamiko yakawa mengi, wengine wakamtaka Priska apige siasa marufuku. Akakataa. "Nikiifukuza siasa, bomba lisilotoa maji watalisemea wapi?" Akaweka sharti: siasa ikae nyuma ya pazia. Unaandika kichwa tu, kwamba hapa pana siasa. Anayetaka anabonyeza, pazia linafunguka. Asiyetaka anapita zake. Watu wakatulia.

Isipokuwa kaka yangu Yoramu. Yeye alisema hana cha kuficha.

Yoramu ni mkulima wa zabibu, Mgogo kama mimi. Rafiki yake Apolinari ni Mhehe, seremala, amekaa mtaa wetu wa Miyuji tangu ujana wake, na mwaka huo aligombea uenyekiti wa mtaa. Sasa, Wagogo na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Mtani anakutukana na wewe hukasiriki. Ukikasirika, kosa ni lako. Siku namzika mume wangu, Apolinari aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kofia ya marehemu. Nilicheka na machozi yangali mashavuni. Kofia ile anaivaa mpaka leo.

Basi Yoramu akaandika Barazani, bila pazia: "Apolinari, Mhehe wewe, kura yangu hupati. Ukishinda, mbwa wote wa Miyuji watahamia Kongwa kuokoa roho zao. Tutakufukuza mpaka Iringa!"

Apolinari akamjibu: "Tulia, Mgogo. Nikishinda nitakupa kazi uliyoizoea, ya kuomba."

Wahehe husemwa wanakula mbwa, sisi Wagogo husemwa ni ombaomba, basi Miyuji walicheka mpaka jioni. Paa Moja hawakucheka. Msimamizi wao, Abdulrahim, alimwandikia Priska kwamba ayafute maneno ya Yoramu kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo Paa Moja itaifungia Barazani mlango, nyumba nzima. "Dada, hapo pana kabila, pana kura, pana kufukuzana. Huku kwetu maneno ya namna hiyo yaliwahi kuchoma nyumba za watu. Hayatapita kwangu."

Priska alinisomea ujumbe huo. Mlango ukifungwa, wauza karanga wanapoteza wateja na watahama, na kazi yake yote ya miaka itabaki gofu.

"Si ufute tu?" nikamuuliza.

"Nikifuta nimekubali kwamba mjomba ana chuki. Kesho nitafuta ya nani?"

"Huyo Abdulrahim hana ubaya. Hajui tu."

"Najua, mama mkubwa. Lakini nikimwambia mimi, ataona namtetea mjomba. Aliyetukanwa ndiye aseme."

Tukamkuta Apolinari anapiga randa ubao. Priska akamwamkia, akamweleza yote. Mzee akaweka randa chini.

"Nimwokoe Mgogo? Bure? Ana jogoo mwekundu yule. Nikimpata, nitasema."

"Baba, Ijumaa ni kesho!"

"Basi twende tukamkamate leo."

Tulipofika kwa Yoramu, Priska akaanza kurekodi kwa simu. Yoramu alipoona kofia ya marehemu shemeji yake inavuka seng'enge, akapiga kelele: "Mwizi! Mhehe ameanza na kuku, ficheni mbwa!"

"Lipa faini! Umenitukana mbele ya watu wa Mombasa, na Mombasa yenyewe sijafika!"

Wakamzunguka jogoo. Jogoo akapita katikati ya miguu, wazee wote wawili chini, wakabaki pale vumbini wameshikana mabega wanacheka mpaka wanakohoa. Mwishowe Yoramu alimkamata mwenyewe akamkabidhi, maana mtani akitaka kitu humnyimi.

Apolinari akaigeukia simu, jogoo kwapani. "Abdulrahim, mimi ndiye Mhehe ninayefukuzwa. Anayenifukuza ndiye aliyeniezekea nyumba. Siku akiacha kunitukana, hapo ndipo nitaogopa."

Priska aliituma hiyo, na chini yake akaandika ya kwake. Hatafuta maneno ya mjomba. Ila hofu ya Mombasa ni ya kweli, kwa hiyo kuanzia sasa utani wa siasa utakaa nyuma ya pazia, na juu yake itaandikwa nani ni mtani wa nani. Mtani mwenyewe akisema yamemuumiza, maneno yanaondoka.

Yoramu akanuna. "Nijifunike mimi?"

"Mjomba, pazia siyo lako. Ni la mgeni anayepita."

Akatoa simu yake, akabonyeza mwenyewe, na maneno yake yakafunikwa.

Jibu lilikuja Ijumaa mchana, Priska akiwa anabadilisha kioo cha simu ya mteja. Mlango unabaki wazi. Abdulrahim ameitazama video na wenzake, pazia wamelipenda na watalijaribu kwao, lakini jicho hataliondoa. Halafu akauliza kama jogoo ameshaliwa.

Priska alicheka, akarudi kwenye kioo chake. Mimi nilitembea naye siku hiyo Majengo yote nikiwa nimeinua kichwa.

Yoramu alipoambiwa, alivaa miwani. "Muulize huyo kijana ni kabila gani, nijue kama naruhusiwa kumtania."

"Mjomba, mwache!"

"Nitauliza kwa adabu."

Akaandika. Nyuma ya pazia.