Nani Alikata Nyuzi

Nyumba yangu ya Gahanga, pembezoni mwa mji, ina chumba cha kushonea. Nimeanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu ndilo nililojisifia kuliko yote. Kina dirisha kubwa linalotazama shamba la maharage la jirani na nyumba mbili ambazo hazijaezekwa, kina meza ya kukatia ninayoweza kuizunguka bila kugongana na makalio ya mtu, na pasi ina soketi yake peke yake. Fundi yeyote wa Nyamirambo akikiona atameza mate. Tatizo ni kwamba hakuna fundi wa Nyamirambo anayekiona.

Nyamirambo nilishona miaka kumi na moja, katika chumba kimoja kirefu juu ya duka la vyombo. Tulikiita atelye. Tulikuwa wanawake tisa, cherehani tisa, pasi mbili, redio moja na maoni tisa kuhusu redio hiyo. Mimi nilikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, wazazi wangu walikimbilia huko zamani, kwa hiyo mle ndani jina langu lilikuwa Mtanzania, na Kiswahili changu kilichekwa kila siku kuwa ni cha mtu anayesoma habari. Aliyenicheka zaidi alikuwa jirani yangu wa cherehani, mwanamke aliyekulia Bujumbura, mtu wa misa ya alfajiri, mwenye miwani mbili alizokuwa akizivaa zote kwa pamoja akitaka kuona kitu vizuri.

Atelye ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hukati nyuzi za nguo yako mwenyewe. Ukimaliza kushona unamrushia jirani, naye anachukua mkasi mdogo na kukata nyuzi zote zilizobaki kwenye mishono, ndani na nje, kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Wewe unachukua ya kwake. Jicho lililoshona limeshachoka, linaona kile kilichokusudiwa badala ya kilichofanyika. Anayekata nyuzi anapita kila mshono, na akipita anaona. Tundu la kifungo liko chini mno, kola imeelemea kushoto, mfuko umeshonewa ukafungwa. Anasema, wewe unanuna, unafumua, unarudia.

Mimi nilinuna kuliko wote. Sikuipenda sheria ile, na sikupenda mambo mengine mengi: chaki yangu iliyoazimwa bila ruhusa, mwenzetu aliyekula mahindi ya kuchoma juu ya kitambaa cheupe, redio. Nilikuwa najenga Gahanga polepole, chumba baada ya chumba, na kila nilipoudhika nilisema moyoni: subirini tu nihamie kwangu.

Siku moja mteja wangu alikuwa amesimama palepale akisubiri gauni la harusi ya mdogo wake. Jirani yangu alikuwa anakata nyuzi. Akafika mgongoni, akasita, akavaa miwani ya pili.

“Weye Mtanzania, hii zipu iko imelala upande.”

Mbele ya mteja. Nikamnyang'anya gauni, nikamwambia kwamba nilikuwa nashona zipu wakati yeye anashona mifuko ya unga, na kwamba kuanzia siku hiyo nyuzi zangu nitazikata mwenyewe. Nikazikata nikiwa nimesimama. Alivua miwani ya pili, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa aproni. Mteja akaondoka na gauni lake, na zipu ilikuwa imepinda kweli. Niliiona alipogeuka mlangoni.

Mwezi huohuo nilihama. Walinisaidia kushusha cherehani ngazini, wote, na jirani yangu alishika upande mmoja wa meza ya cherehani mpaka kwenye gari. Sikumuaga. Nilisema asanteni, neno moja kwa watu wanane, nikapanda mbele na dereva.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilisikia mkasi wangu unavyokata, jambo ambalo sikuwahi kulisikia Nyamirambo. Wiki ya tatu nikagundua kwamba maneno yangu ya kwanza ya siku nayasema saa kumi jioni, nikimwambia motari, yaani dereva wa pikipiki, asiikunje nguo. Wateja hawakuja hadi Gahanga. Walituma kitambaa kwa pikipiki na vipimo kwa simu, na nguo ikarudi kwa pikipiki. Kuna wanawake niliowavalisha mwaka mzima bila kuwaona uso. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unapotoka kwa umuganda kufyeka na kuzibua mitaro, nilianza kuwa wa kwanza kufika na jembe, mimi niliyekuwa bingwa wa visingizio. Nilijiambia ninachokosa ni redio. Nikanunua redio. Haikusaidia, maana hakukuwa na wa kugombana naye kuhusu stesheni.

Nilikuwa mpweke. Ilinichukua muda kulisema neno hilo, kwa sababu mtu mwenye nyumba yake anaona aibu kulalamika. Watu wanakuuliza habari za kwako, unasema kwangu ni kuzuri, na ni kweli ni kuzuri.

Karibu na kituo cha basi cha Gahanga kuna duka la maziwa, mabenchi mawili, birika kubwa la maziwa ya moto, na ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, kwenye vikombe vya lita. Nikaanza kwenda huko saa nne asubuhi na kazi yangu ya mkono, pindo na vifungo, nikajiambia mwanga wa pale ni mzuri. Mwenye duka alinikubali bila maneno. Watu waliingia, wakasalimu, mwaramutse, wakanywa wakiwa wanatazama simu zao, wakafuta midomo, wakarudi kazini. Niliijua ratiba ya kila mmoja. Siku ya nne au ya tano mzee mmoja wa heshima, ambaye nadhani alikuwa mwalimu, akaniinamia.

“Mama, uko unangoja mutu?”

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Halafu ikabidi ningoje. Alikunywa polepole, na kila mtu alipoingia alinitazama kuona kama ndiye. Nilikaa pale na sindano yangu, nikipiga pindo ambalo lilikuwa limekwisha, mpaka alipolipa na kunipa pole ya macho akatoka. Nikaacha kwenda.

Basi ikaja kazi ya kitenge cha ndege. Mteja alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa ya Nyarutarama, mwanamke niliyemjua kwa sauti tu. Anaishi kule nyuma, kwenye chumba cha wafanyakazi. Alitaka gauni refu la kanisani, na alikichagua kitambaa mwenyewe: ndege weupe, shingo ndefu, wote wamesimama wima kwenye rangi ya buluu. Nililishona kwa siku mbili na nililipenda. Nikalipiga pasi, nikakaa dirishani, nikakata nyuzi kwa makini, mshono baada ya mshono, nikampa motari.

Jumatatu akanipigia. Hakuwa na hasira, ndiyo maana nilikaa chini.

“Mama, robe iko muzuri. Lakini ndege za nyuma ziko zinaanguka.”

Sikumwelewa. Akaniambia taratibu. Mbele ndege wamesimama. Nyuma wote vichwa chini, miguu juu. Nikajua papo hapo nilichofanya: nilikuwa nimekikunja kitambaa kwa upana ili nikate mbele na nyuma kwa pamoja, kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hukatazwa kulifanya kwenye kitambaa chenye vichwa na miguu. Na nililishona, nikalipiga pasi, nikapita kila mshono na mkasi mkononi, nisione.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumamosi alipolipokea.

“Sikuona. Watu ya nyuma ndiyo waliniambia, kanisani, misa ikiisha,” akasema. Kisha akacheka kidogo. “Mimi ninavaa peke yangu, mama. Sina mutu ya kuniangalia mugongo.”

Nikamwambia alirudishe, nitatafuta kitambaa kilekile, nitabadilisha nyuma yote. Nilipokata simu sikuinuka. Nilikuwa nawaza kwamba gauni lile lilipita kwa wanawake wawili kabla ya kufika kanisani, mmoja akilishona na mwingine akilivaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mtu chumbani. Nililia, sina haja ya kuficha. Sikulilia kitenge.

Kitambaa cha namna ile anakijua mtu mmoja tu, jirani yangu wa Bujumbura. Anawajua wauza vitenge wote wa mjini na anajua nani amebakiza nini kwenye rafu ya chini. Siku mbili nilijishauri. Nilitafuta peke yangu mjini, duka hadi duka, nikakosa, na nikiwa mkweli nitasema nilitafuta kwa nguvu ndogo. Siku ya tatu nikaweka gauni kwenye mfuko, nikapanda basi la kwanza, kisha la pili, nikapanda zile ngazi za juu ya duka la vyombo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia. Mlangoni yakapotea yote.

Redio ilikuwa kwenye stesheni ileile niliyoichukia. Kwenye nafasi yangu, karibu na dirisha, alikaa mwanamke mwenye kilemba cha njano, akishona kama mtu aliyekaa hapo siku zote. Sijui nilitarajia nini. Pengo, labda. Wakanisalimu, Mtanzania, Mtanzania, karibu, na mikono yao ikaendelea na kazi, kwa kuwa ilikuwa wiki ya harusi.

Jirani yangu aliniangalia juu ya miwani. Nilitoa gauni nikalitandaza kwenye meza yake, mgongo juu. Akavaa miwani ya pili. Akawaangalia wale ndege kwa muda, akaligeuza, akaona wa mbele, akaligeuza tena. Alipitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, pale nilipokuwa nimekata vizuri sana, hakuna uzi hata mmoja.

“Nani alikata nyuzi?” akauliza.

“Mimi.”

Cherehani mbili tatu zilisimama. Nilisubiri aniambie la zipu, na mifuko ya unga, na nilistahili. Akachukua kifumulio chake, akaanza kufumua upande wa kulia, polepole, kama kazi yoyote ya siku ile.

“Zipu ile ilikuwa imepinda,” nikasema.

“Nilijua,” akasema. “Kaa basi, unaniziba mwanga.”

Hakukuwa na pa kukaa isipokuwa benchi la wateja, karibu na mlango. Nikakaa hapo, pamoja na mama mmoja aliyekuja kupimwa. Baadaye jirani yangu akapokea blauzi kutoka kwa yule wa kilemba cha njano, akaitazama, akanirushia. Mkasi mdogo ukafuata.

“Kata.”

Nikakata. Mkono wa kushoto wa blauzi ulikuwa na mkunjo kwapani, nikasema, yule mwanamke akanuna mbele yangu hasa kama nilivyokuwa nanuna mimi, akaja kuichukua.

Kitambaa cha ndege kilipatikana, kipande cha mwisho. Tulilimaliza gauni pale atelye, na nikamwomba yule mpishi aje mwenyewe, siku yake ya mapumziko, badala ya kutuma motari. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Tukampandisha kwenye kigoda. Akasimama, akatazama mbele, kisha jirani yangu akamwambia ageuke.

Akageuka. Wanawake kumi tukaacha kazi tukamtazama mgongo. Mmoja akasema bega liko sawa, mwingine akasema pindo lishuke kidogo nyuma, yule wa mahindi ya kuchoma akasema ndege sasa wamepona. Kupima kulikuwa kumekwisha, lakini hakushuka kwenye kigoda, na hakuna aliyemwambia ashuke. Alibaki ametugeuzia mgongo, mikono imening'inia, na sisi tukaendelea kumwangalia.

Nafasi haijapatikana mpaka leo. Cherehani tisa, watu tisa, na hakuna anayefikiria kuhama. Niliuliza mara moja, sikuuliza tena. Ijumaa nabeba nguo za wiki nzima kwenye mfuko, napanda mabasi mawili, nakaa kwenye benchi la wateja, nakata nyuzi zao nao wanakata zangu, mpaka saa kumi na moja. Wakati mwingine mteja mgeni huniuliza kama nimehudumiwa.

Leo ni Jumatatu. Chumbani kwangu Gahanga magauni mawili yamekwisha kushonwa na yananing'inia mlangoni, nyuzi zote zikiwa hazijakatwa. Mkasi uko mezani. Wenye magauni wamepiga simu kuuliza kama yako tayari, nikawaambia bado.