Maneno Niliyoyapunguza

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu katikati ya shamba la chai. Bado sina mvi, na shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo nikikuita mwanangu usinicheke; ndivyo nasaha zinavyosemwa. Kina mama wa kikundi cha usawa hapa Nyacheki wameniomba niwaandikie ninyi vijana mtakaoketi kwenye kiti cha mkalimani baada yangu. Nimekubali kwa sababu kiti hicho huonekana chepesi, nami nilikiketia vibaya.

Kina mama hao hukutana katika ukumbi wa kanisa alasiri, chai ikishapelekwa kupimwa. Huzungumza mambo ya nyumbani: nani arithi shamba, binti aliyejifungua arudi shule au akae, mjane asimame wapi. Wageni huja kuwaelimisha kwa Kiswahili, na wengi wa kina mama, hasa wakubwa, husema lugha yetu ya Ekegusii tu. Lazima mtu akae katikati.

Siku hiyo mwalimu aliyezoea kutafsiri hakuja. Mimi nilikuwa nimemsindikiza nyanya yangu, mama mzazi wa baba, kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu. Nilipogeuka niende zangu, mwenyekiti akaniita.

"Wewe si ndiye husoma Neno kwa Kiswahili kila Sabato? Keti hapa."

Nilikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, lakini nilikuwa mwoga zaidi wa kukataa. Nikaketi.

Mgeni wetu alikuwa mwanasheria, mama mpole kutoka pwani. Aliyesimama kueleza shida yake alikuwa mjane tuliyemwita Mama Kwamboka. Marehemu mumewe alikuwa wa ukoo wetu, rika moja na baba yangu, kwa hivyo kwangu yeye ni mama. Alisema neno la kwanza, nami nikaanza, "Baba anasema..."

Mgeni akatazama huku na huku. "Baba yupi? Mbona naona mama amesimama?"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Unajua mwenyewe kwamba kwa Ekegusii 'baba' ndiye mama. Ulimi wangu ulikuwa umerudi nyumbani bila mimi. Mama mmoja akasema, "Leo Mama Kwamboka ameota ndevu," na Mama Kwamboka mwenyewe akacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Shika hapo, mwanangu, kwa maana aibu ndogo ndiyo huifungulia mlango aibu kubwa.

Kicheko kilipotulia, yule mama akaeleza, na alieleza kwa kirefu. Tangu mumewe azikwe, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akija mlangoni jioni akitaka kulala mahali alipolala ndugu yake. Yeye akakataa. Tangu akatae, shemeji amemzuia kuchuma chai, chai ileile inayowalisha watoto, na kumwambia, "Siku utakayonifungulia mlango ndiyo siku utakayochuma."

Sisi tuna ensoni. Ni ile haya inayomzuia mtoto kutaja mambo ya kitanda mbele ya mama yake au baba yake, na wao kuyataja mbele yake. Tunalelewa nayo kama tunavyolelewa na uji. Nilisikia kila neno la yule mama na masikio yangu yakawaka moto. Nikamgeukia mgeni.

"Anasema hawaelewani na shemeji yake kuhusu shamba."

Ndiyo yote niliyosema. Wachache waliokijua Kiswahili wakatazama sakafu. Nao walikuwa na ensoni zao.

Mgeni akaitikia kwa upole. "Pole, mama. Hilo ni jambo la kusuluhishwa nyumbani. Mkaribishe shemeji yako jioni, mketi, mzungumze polepole."

Na hayo, mwanangu, niliyatafsiri yote. Sikupunguza hata neno.

Mama Kwamboka hakuketi. Alinitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Mwanangu, umemwambia nini hata anirudishie yule mtu mlangoni?"

Nikaitazama kalamu ya mgeni.

"Maneno yangu yalikuwa mengi. Wewe umesema machache. Mengine umeyaweka wapi?"

Akaanza kujifunga leso yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kwenda. Hapo ndipo nikasikia sauti ya nyanya kutoka kwenye benchi la ukutani.

"Njoo hapa, mume wangu."

Hivyo ndivyo nyanya zetu huwaita wajukuu wao wa kiume. Nikaenda.

"Nilidhani nimeolewa na mwanamume, kumbe ni kuku aliyenyeshewa."

Hakuna aliyecheka. "Nyanya, ni ensoni," nikanong'ona. "Huyu ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Na mimi ni nani wako?"

"Nyanya."

"Kati ya nyanya na mjukuu kuna ensoni?"

"Hakuna."

"Basi usimtazame yeye. Nitazame mimi. Yeye amekwisha kusema na mimi nimesikia. Nitakwambia mimi, nawe utaniambia mimi kwa Kiswahili, kwa sauti. Huyo mgeni ana masikio."

Mama Kwamboka akageuza uso dirishani. Nyanya akayarudia maneno yake, moja baada ya jingine, na mimi nikamwambia nyanya kwa Kiswahili huku nikitazama gambuti zake zilizojaa udongo wa shambani. Nilifika kwenye habari ya kitanda nikakwama. Nyanya akanigonga goti kwa fimbo yake. Nikasema.

Mgeni akaweka kalamu chini. "Mama, nisamehe," akasema. "Usimkaribishe. Usimfungulie. Kesho tutakwenda pamoja kwa chifu."

Nilipoyatafsiri hayo, mwenyekiti akasimama. "Na kabla ya kwenda kwa chifu, asubuhi tunachuma chai ya Mama Kwamboka sisi sote."

Walichuma kweli. Shemeji alitokea njiani, akaona migongo ya kina mama imejaa shambani kwa marehemu, akasalimu. Mwenyekiti akamjibu, "Njema, karibu kikapu," naye akapita kama mtu aliyekuwa na safari nyingine. Mambo ya chifu yalichukua muda, lakini mpaka leo chai ile inachumwa na mwenyewe.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ile ya mkutano, nyanya aliegemea bega langu akaniuliza, "Ensoni tulipewa ili tumfunike mama. Leo umemfunika nani?"

Alijua kwamba najua.

Lakini kuna jambo ambalo hata nyanya hakulijua. Ile njia ya kupitia kwake niliijua tangu utotoni. Nimetaniana naye maisha yangu yote. Sikuisahau. Nilikuwa nimechekwa mara moja, nikaogopa kuchekwa mara ya pili, ndipo nikajifunika mila ya wazee kama blanketi. Hiyo ndiyo aibu ninayotembea nayo.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema mjumbe aruhusiwe kuua. Ukipewa maneno ya mtu, si yako kuyapima. Neno likikushinda kwa heshima, sema wazi kwamba limekushinda, umtafute anayeruhusiwa kulipokea. Mila yetu haikumfungia mtu kila mlango. Na kabla ya kusema ni ensoni, jiulize kama si woga. Mficha uchi hazai, na anayeficha uchungu wa mwenzake humzuia mwenzake kupona.

Bado natafsiri katika ukumbi ule. Mama Kwamboka huketi mbele kabisa, na kila nikimaliza husema neno moja tu.

"Yote?"

"Yote, mama," namjibu, na bado natazama chini.

Mungu akupe masikio ya kubeba na ulimi usiomwaga njiani. Akuwekee nyanya karibu, mwenye fimbo. Na siku utakapoulizwa swali hilo, mwanangu, uweze kulijibu ukiwa umeinua uso.