King'ora kilichozimwa kwa ajili ya msiba

Saa moja kasorobo asubuhi, Kanazi wilayani Ngara. Bonifasia Niyonzima (41) amesimama pembeni ya mtambo wa kushindilia barabara, bendera nyekundu mkononi.

"Rudi nyuma kidogo, Projestus."

Mtambo unarudi, king'ora kinalia.

"Umesikia, mama? Au nikuletee na kwaya?" dereva anatania.

"Nimesikia. Simama."

Kazi yake ni kuwaongoza madereva wanaporudi nyuma. Jaribio hili la kila asubuhi alilianza mwezi Mei, akiwa tayari amechelewa.

Mwezi huo palikuwa na msiba, hatua thelathini tu kutoka barabarani. Msimamizi alikataa kusimamisha kazi. Bonifasia akaona aibu mitambo ilie penye maiti, akamwomba Projestus achomoe waya wa king'ora.

"Wazee wa pale walitushukuru sana," anasema. "Kuwaheshimu wafiwa si kosa. Kosa ni kwamba tulizika, tukasahau waya."

Siku mbili baadaye, mfanyakazi mwenzao Mayunga Bernardo alikuwa ameinama akipanga mawe ya mtaro. Bonifasia alikuwa amegeuka kuzuia pikipiki. Mtambo ukarudi nyuma bila king'ora, ukamkanyaga.

"Ngurumo ya injini tunashinda nayo kutwa, huishtukii tena," anasema Mayunga. "Kinachokuinua ni kile kilio."

Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Projestus aliurudisha waya kabla wakaguzi hawajafika. Taarifa ya ajali ikaandikwa kwamba Mayunga alikuwa akichezea simu. Bonifasia alijua si kweli, akanyamaza miezi miwili. Ana watoto wanne, na kibarua ni shilingi elfu kumi kwa siku.

"Simu yenyewe siku hiyo alikuwa nayo mke wangu," anasema Mayunga. "Sasa mtaani naitwa Bwana Simu. Mguu nimeshauzoea. Hilo jina bado."

Wiki iliyopita Bonifasia alikwenda kwake, akakaa chini, akasema yote. Mayunga akamwita mkewe.

"Jovitha, mletee dada uji." Akamgeukia mgeni. "Mimi umeniambia. Sasa kaseme kule walikoandika."

Bonifasia amekwisha kumwambia msimamizi. Ijumaa kuna kikao.

"Mama, tutafukuzwa wote wawili," Projestus anamwambia, safari hii hatanii.

"Huenda," anajibu Bonifasia. "Namwomba Mungu wasinifukuze, watoto wanasoma. Lakini ile simu waifute kwenye karatasi, waandike Bonifasia."