Magari Saba ya Mnada wa Ijumaa

Saa kumi na mbili asubuhi, wanaume sita wanasukuma gari la zimamoto nje ya karakana ya manispaa. Nyuma yao anatembea mwanamke mwenye ovaroli iliyotoboka magotini, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Injini inakohoa mara mbili, inashika. Hakuna anayeshangilia.

“Sasa usilizime,” anamwambia dereva.

“Na mafuta, Mama Spana? Nimepewa lita ishirini za wiki nzima.”

“Basi lizime. Ukiitwa kwenye moto, uanze kutafuta wasukumaji.”

Mama Spana, mwenye miaka hamsini na miwili, ndiye fundi pekee aliyebaki karakanani. Walikuwa wanane. Staata ya gari hilo, kifaa cha kuamshia injini, imekufa. Nyingine nzima ipo hatua kumi tu kutoka hapo, ndani ya lori bovu namba nne. Lakini ubavuni mwa lori hilo, kama yale mabovu mengine sita, pameandikwa kwa chaki: MNADA, IJUMAA.

“Chomoa tu,” dereva ananong'ona. “Nani anahesabu meno ya maiti?”

“Orodha ina saini yangu, mwanangu. Wakija kutafuta mwizi, hawatapata shida.”

Hapo ndipo panapomuuma. Mwezi uliopita aliulizwa na ofisi yapi ni mabovu, akayaorodhesha yote saba. Kwake yeye, gari bovu ni ghala. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akitoa springi hapa, pampu pale, akatengenezea malori yanayotembea, na mji ukazolewa taka.

“Waliniuliza yapi hayatembei,” anasema. “Hawakuuliza yapi yana kazi.”

Manispaa imekauka. Kiwanda cha nguo kilichokuwa mlipaji wake mkubwa wa ushuru kimefungwa. Stendi mpya imejengwa kwa mkopo, mabasi yanaikwepa. Katika kila shilingi mia zilizotarajiwa mwaka huu, zimeingia hamsini na nane. Fungu la vipuri halijapata hata senti.

Mweka hazina, mwanamume mpole mwenye macho mekundu, hakatai lolote. “Watumishi mia mbili na kumi wana miezi mitatu bila mshahara, na huyo dada ni mmoja wao. Fedha za mnada ni za kuwalipa. Chuma kikiozea nje, niwaambie nini?”

Mama Spana anaijua hiyo miezi mitatu kuliko yeye. Anamtunza mama yake mzazi, mgonjwa wa presha, na vidonge sasa vinanunuliwa vya siku tatu tatu. “Mwenye nyumba ameacha kubisha hodi,” anasema. “Siku hizi anakohoa tu mlangoni, nami najua ni yeye.”

Hata hivyo, juzi aliandika barua: lori namba nne litolewe mnadani, na thamani ya chuma chake ikatwe kwenye malimbikizo ya mshahara wake. Kamati inakaa Alhamisi. Akikubaliwa, anasema, Ijumaa mchana zimamoto itawaka kwa ufunguo, kisha atafundisha vijana wawili kazi hii kabla hajastaafu.

Karani alipoipokea barua, aligonga mhuri na kuandika tarehe. Mama Spana hakuondoka dirishani.

“Andika na saa,” alimwambia. “Mji ukiungua kabla hawajaamua, ijulikane nilisema lini.”