Sanduku la Barua Nje ya Lango

Dulcie Hooper aliniambia habari hiyo tukiwa tumesimama nje ya duka la posta la Talgabin, mji wetu mdogo wa Australia, mimi nimembeba mwanangu Lorelle, yeye ana kikapu chake cha mayai.

"Huyo Bi Brannock wako," akasema, "hana mtoto yeyote pale makaburini. Anapalilia kaburi la watu."

"Nani kasema?"

"Serikali yenyewe ya Queensland, kule Brisbane. Ameandika mara ngapi? Kila mara wanamjibu hakuna mtoto kama huyo, hakuzaliwa, hakufa. Mtu atakufaje kabla ya kuzaliwa? Mimi naona hakushika mimba kabisa. Au alizaa akamgawa kwa wachunga ng'ombe. Wake za walinzi wa uzio zamani zile, mama, upweke ulikuwa unawapandisha wazimu."

"Dulcie, punguza sauti. Yumo ndani."

"Hasikii huyo. Masikio yalishakufa."

Nilimwona kupitia kioo cha duka. Alikuwa ameshika stempu karibu na mdomo, hailambi, wala haiweki chini. Alikuwa anasikia vizuri tu.

Una Brannock ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mume wake, Clarrie, alipofariki huko kaskazini, alirudi Talgabin peke yake na masanduku mawili na kuku watano, akapanga nyumba iliyo karibu zaidi na makaburi. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo barua za Brisbane nilikuwa namwandikia mimi. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini mwandiko wangu unasomeka. Ndiyo maana nilikijua kisa chake kabla Dulcie hajakitia chumvi.

Enzi za ukame mkubwa, Clarrie aliajiriwa kulinda uzio wa kuzuia mbwa mwitu. Una alikuwa bi harusi mgeni, ameletwa kutoka pwani mbali sana, hajui kaskazini wala kusini. Mtoto wa kwanza akaja kabla ya wakati. Homa ya uzazi ikamshika, akapoteza fahamu, akachukuliwa hospitali juu ya gari la kubebea sufu. Alipozinduka Clarrie alikuwa amekaa kando ya kitanda, kofia magotini, mtoto hayupo. Kutoka hapo alimpeleka moja kwa moja kwenye kazi nyingine, kaskazini. Hawakurudi tena. Akimuuliza mtoto yuko wapi, Clarrie anajibu, "Yuko Talgabin," kisha anainuka kwenda kupasua kuni. Maisha yao yote waliyoishi pamoja, jibu lilikuwa hilo na shoka.

Kwa hiyo alipofika makaburini hapa na kukuta kilima kidogo cha udongo kisicho na jina, akajua ni chake. Akakifyeka, akakizungushia mawe meupe. Majira ya joto anakipelekea maji kwenye birika. Alichotaka sasa ni jiwe lenye jina, na mahali pa kuzikwa yeye mwenyewe pembeni. Halmashauri ikamwambia haiwezi kuruhusu jiwe mpaka ionekane karatasi ya nani amelala pale. Na karatasi Brisbane haina.

Jioni ya siku ile ya Dulcie, Una alikuja kwangu kumshika Lorelle nikimenya maboga. Alimpakata mtoto, akamnusa kichwani.

"Wewe Jumatano unafika lango la uzio wa mbwa?" akaniuliza.

Nikamwambia nafika. Kandarasi ya kusambaza barua mashambani ni ya Merv, mume wangu, lakini tangu farasi amvunje mkono naendesha mimi, Lorelle kwenye kikapu pembeni yangu.

"Bado wana sanduku pale? Letu lilikuwa pipa la mafuta, limelazwa juu ya kisiki. Nilikuwa nafungua lango, nachukua barua, nafunga tena narudi nyumbani. Clarrie alikuwa mkali kwa lango hilo kama askari wa jela."

"Sanduku lilikuwa nje ya lango?"

"Lingekuwa wapi? Mtu wa barua alikuwa hafungui malango ya watu. Mbwa akipita, kondoo wakiliwa, nani alaumiwe?"

Hata leo ni hivyo hivyo. Watu wa ng'ambo ya lango wanaweka masanduku upande wetu, na wote anwani yao ni Talgabin, Queensland. Ukimuuliza mmoja wao anatoka wapi atakutajia Talgabin, maana ndiko barua zake zinakotoka. Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye shamba moja la ng'ambo hiyo na nasema hivyo hivyo. Nimefika lango lile kila Jumatano, na uzio ule ndio mpaka wa majimbo mawili, wala sikuwahi kulifikiria. Nikaweka kisu chini.

"Bi Brannock. Nyumba yenu ilikuwa ng'ambo. Ile ni New South Wales, jimbo jingine."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Tulikuwa Queensland. Iliandikwa kwenye kila bahasha."

"Kwenye bahasha, ndiyo."

Akamwachia Lorelle amshike kidole. Halafu akasema polepole, "Sasa nimekuwa nikimtafuta kwa watu ambao hawakupata hata kumsikia."

Asubuhi tulipiga simu mahakama ya Mirrabong, mji wa kusini, wanakotunza karatasi za upande ule. Tulitumia simu ya dukani na Dulcie alikuwepo, anajifanya kuchagua sabuni. Karani alikuwa kijana mchangamfu. Alitusubirisha mpaka sarafu zikakaribia kwisha.

"Ninaye," akasema. "Brannock, wa kiume. Aliishi siku mbili. Mbona mmechelewa hivi kuuliza?"

"Tulikuwa tunauliza Brisbane."

"Anwani, siyo? Dada, nusu ya watu wa mpakani wanauliza Brisbane. Haya, sikiliza. Leslie Brannock. Aliyetoa taarifa ni baba. Amezikwa nyumbani, karibu na uzio."

Nikamrudishia Una maneno yale yale kama nilivyoyapokea. Lile la siku mbili lilimpita. Lile la kuzikwa pia. Alisimama kwenye jina.

"Leslie ni jina la baba yangu," akasema. "Clarrie hakupatana naye hata siku moja."

Hakujua kwamba mtoto alipewa jina. Clarrie alilifunga kifuani mpaka akaingia nalo kaburini. Dulcie alirudisha sabuni rafuni, akatoka bila kununua kitu.

Jumatano nilimchukua Una. Kwenye lango alikataa nishuke. Alifungua mwenyewe, tukapita, akafunga na kulitikisa mara mbili kuhakikisha. Nyumba haipo, limebaki dohani tu na mti wa pilipili. Nilikaa garini nikimnyonyesha Lorelle nikamwacha atafute. Alizunguka dohani na fimbo yake, akaelekea kwenye uzio, akasimama.

Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti. Chupa za bia zilikuwa zimezikwa shingo chini, matako juu, zimefuatana kuzunguka kaburi dogo lenye umbo la beseni la kuogea mtoto. Nyingine zimepasuka kwa jua. Alikuwa akifuta vumbi juu ya moja moja kwa kiganja.

"Clarrie mjinga wewe," alikuwa anasema. "Mjinga, mjinga, mjinga."

Mwenye shamba hilo alishakubali kwa simu kwamba siku ya Una ikifika atalazwa pale. Nilimkumbusha hilo, nikidhani litamtuliza. Akatikisa kichwa, akanishika sketi kama mtoto.

"Sikiliza, yule wa kule mjini."

"Yupi?"

"Yule niliyekuwa nampa maji. Ana mama yake, naye sijui anamtafuta wapi." Akafuta vumbi juu ya chupa nyingine. "Mimi nikija huku atabaki hana mtu. Ukirudi na barua, pitia pale umng'olee majani. Joto likizidi mpelekee maji. Ukifika mwite Mdogo. Ameshazoea kuitwa hivyo."