Kijiti Ukingoni mwa Maji

Wewe unayenisikiliza na moyo wako haujatulia, kaa kidogo nikueleze nilivyofundishwa kutulia. Ilikuwa miaka ya hamsini, kule kijijini Michenga. Mume wangu alikuwa mbali, akikata mkonge. Mimi nilibaki na mama mkwe na watoto wawili.

Mwaka ule mto Kilombero ulifurika mapema, ukafunika mpunga wetu uliokuwa ndio kwanza umeota. Ndani lilibaki debe moja la mbegu. Maji yakiondoka upesi, tungepanda tena. Yakikawia, msimu ungekuwa umekwisha. Mama mkwe alichomeka kijiti ukingoni mwa maji, kama majirani wote, ili tujue yanapanda au yanashuka.

Nikawa mtumwa wa kijiti. Nilikwenda kukitazama kabla ya uji, baada ya uji, hata chungu kikiwa motoni. Njiani nilisali, lakini ndani ya sala yenyewe nilikuwa nikihesabu miezi ya njaa iliyo mbele.

Siku ya nne sikuvumilia. Nilichota mbegu, nikamimina kinuni.

"Unatwanga nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Mbegu, mama. Bora tuile sisi kuliko kuulisha mto."

Hakunigombeza. Aliushika mchi tu, kabla haujaigusa mbegu. "Kwani leo tumekosa chakula?"

"Viazi vipo, mama. Na perege wa jana."

"Basi umeshiba, halafu unalia njaa ya mwezi ujao! Na kile kijiti unakichungulia kama mchumba, mpaka maji yanaona haya kushuka."

Nilicheka huku nalia. Ndipo akanieleza polepole: katika Baba Yetu tunaomba mkate wa leo. Bwana hakutufundisha kuomba wa msimu mzima kwa mara moja, maana moyo wa mtu ni kikapu kidogo. Tukaisali pale pale kinuni, bila haraka, kisha tukairudisha mbegu kwenye debe.

Kesho yake nilikitazama kijiti mara moja. Maji yalikuwa yamepanda vidole viwili. Nikasali, nikaenda kuchimba viazi, na moyo ukatulia. Hapo ndipo ninapotaka unielewe: amani ilitangulia, maji yakashuka baadaye. Yaliposhuka tulipanda. Tulivuna kidogo, lakini tulivuna.

Nawe chomeka kijiti chako. Kitazame mara moja asubuhi, sali Baba Yetu polepole, kisha shika kazi ya leo.